Koti la Marekani Kabla ya Koti la Sufu

Kama wewe wakaa Tanga au Kilwa, labda habari za koti hazikugusi sana. Lakini sisi wa Njombe twajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai ni kitu gani. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule Kitulo ni juu zaidi. Asubuhi nyingine waamka ukakuta majani ya viazi yameunguzwa na sakitu, kana kwamba mtu amepitisha moto shambani. Katika Misa ya kwanza wazee huketi wamejifunika mablanketi, na Padre hupuliza vidole vyake kabla ya kufungua kitabu. Kwa hiyo nikikuandikia juu ya koti, usidhani nakuandikia juu ya urembo.

Mwaka jana nilichekwa na majirani kwa sababu nilishona koti la kitambaa rahisi cha marekani, nikalivunja, nikashona la pili la marekani, ndipo nikakata kitambaa chenyewe cha sufu. Jirani mmoja alisema kwamba karani wa parokia siku hizi ana mali nyingi, hata ana vitambaa vya kuchezea. Paroko naye aliponiona natoka dukani na mzigo wa marekani kwapani, alifurahi, akidhani sasa naanza kushona alba za watumishi wa altareni ambazo aliniomba tangu Pasaka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kweli mpaka jioni.

Habari yenyewe yaanza nyuma. Mama yangu anakaa kijijini, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka parokiani, pamoja na mjukuu wake wa darasa la tano. Kushona nilijifunza chuoni, katika kazi za mikono, nilipokuwa nikisomea ualimu, na ingawa kazi yangu leo ni kuandika vyeti vya ubatizo na kuhesabu sadaka, cherehani sikuiacha. Basi miaka miwili kabla ya mambo haya nilitaka kumpa mama zawadi ya ghafula. Nilichukua gauni lake la zamani lililobaki kwangu, nikalitandaza mezani, nikalipima kila upande, nikakata kitambaa cha sufu nilichokinunua kwa akiba ya miezi mingi. Koti likatoka zuri, lina kola pana na vifungo vya kahawia. Nikampelekea mwezi wa Juni. Mama alilipapasa, akalisifu, akasema atalivaa Jumapili.

Julai nikamkuta kanisani amejifunika blanketi. Nikamwuliza, "Mama, koti liko wapi?" Akajibu, "Limefuliwa, mwanangu." Mwaka uliofuata, Julai, blanketi lile lile, na jibu lile lile. Siku hiyo nilifungua sanduku lake nikitafuta kitu kingine, nikaliona koti chini kabisa, limekunjwa vile vile kama nilivyolikunja mimi, na karatasi yangu ya kufungia bado imo. Nakiri kwako, msomaji, nilikasirika. Nilisema moyoni, mama huyu anajinyima ili azikwe nalo, au hapendi kazi ya mikono yangu. Nikamwambia alivae nione. Akasema, "Si leo."

Katika basi, nikirudi, nilimkumbuka Hana, mama yake Samweli, ambaye Maandiko yasema kila mwaka alimfanyia mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea walipopanda kutoa sadaka. Mara nyingi nimesikia mahubiri juu ya sala ya Hana, lakini sijasikia hata moja juu ya kanzu zile. Mtoto alikuwa mbali, anakua, naye mama alimwona mara moja kwa mwaka. Alikadiriaje urefu wa mkono? Nadhani alikata kubwa akaacha upindo mpana. Lakini mtoto hukua kwa njia inayojulikana, juu na pande zote. Mzee hubadilika kwa njia nyingine, na gauni nililolipima lilishonwa wakati mama bado anabeba debe la maji kichwani akiwa amenyoka kama mtaimbo. Ndipo nilipokusudia kuanza upya, na safari hii kwa nguo ya kujaribia.

Najua utauliza, mbona usinunue koti la mtumba? Makoti ya mtumba ni mazuri, mimi mwenyewe ninalo. Lakini yamekatwa kwa mtu mwenye mgongo ulionyoka, wala hayana kitambaa cha kuongezea. Mama alikwisha kujaribu matatu katika gulio, yote yakamwinukia nyuma.

Juu ya marekani yenyewe ni vizuri niseme neno, maana vijana wengi wanaiita hivyo bila kujua kwa nini. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, cha rangi ya maziwa yaliyolala, na jina lake ni jina la nchi kilikotoka. Wafanya biashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakikileta Unguja katika karne ya 19, na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na serikali ya Marekani. Kutoka pwani kilibebwa na wapagazi mpaka bara, kikawa kama fedha: kwa marekani watu walinunua chakula njiani, walilipa hongo kwa watemi, na walipewa ujira wao. Kilipimwa kwa mikono, kwa shuka na kwa doti, na neno hili doti bado tunalitumia kwa khanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipunguza pamba na kuipandisha bei, hata wengine wakapata nafasi ya kuingiza nguo zao. Lakini jina likabaki. Basi kile kilichokuwa fedha zamani leo ndicho kitambaa cha bei ndogo cha kuharibia. Katika duka nilikonunua, bei ya mita moja ya sufu ilitosha mita nane za marekani. Kwa hesabu hiyo, anayecheka na acheke.

Sasa sikiliza jinsi ifanywavyo. Kwanza ifue marekani na kuipiga pasi, kwa maana ikiwa mpya ina wanga unaoifanya isimame kama karatasi, nayo ikisimama itakudanganya. Tena hupungua kidogo ikipata maji. Kata mgongo, pande mbili za mbele, na mkono. Kola, mifuko na bitana haviwi lazima. Acha ukingo mpana kila penye mshono, hata sentimita 3, upate mahali pa kuongezea. Usishone kwa kukaza. Piga bandi, au uweke mshono mrefu kabisa wa cherehani, ili uvute uzi mmoja tu ufumuke. Kisha, na hili wengi huliacha, chora mistari kwa kalamu ya risasi: mmoja kutoka shingoni kwenda chini katikati ya mgongo, mmoja wa kuzunguka kifua, mmoja kiunoni na mmoja nyongani. Nguo ikiwa mwilini mistari hiyo itakuambia yote. Ule uliouchora umenyoka ukiuona umepinda, ujue hapo ndipo penye kazi.

Tena mwenye koti na avae kila kitu atakachokivaa ndani yake. Kwa mama hiyo ni gauni, sweta zito, na kitenge kiunoni. Mtu akipimwa na gauni peke yake mwezi wa Januari, koti litambana Julai, kwa sababu koti lahitaji nafasi ya sentimita 10 hadi 15 zaidi ya kifua kilivyo.

Nilifika kijijini siku ya Jumamosi. Nikamsimamisha mama karibu na mlango penye mwanga, nikamvika ile marekani, nikafunga mbele kwa pini. Msomaji, niliona haya kwa ajili ya koti langu la kwanza. Mstari wa kifua ulikuwa umepanda nyuma na kushuka mbele kama barabara ya mlimani. Pindo la nyuma limeinuka na kujitenga na miguu kama mkia wa kuku, la mbele limening'inia chini ya magoti, na nyuma ya shingo palikuwa na uwazi wa kutosha kutia ngumi. Mgongo wa mama ulikuwa umepinda kuliko nilivyodhani. Namwona kila mara mbili kwa mwezi, lakini huniona nikija, hujinyosha, kisha hukaa kitini.

Nikachukua mkasi, nikaikata marekani kwa kukingama mgongoni, hapo panapochomoza, kutoka karibu na kwapa hili mpaka karibu na lile, nayo iko mwilini mwake. Mama akashtuka: "Mwanangu, nguo nzima waikata!" Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake. Papo hapo mkato ukajifungua wenyewe kama mdomo, upana wa vidole vinne katikati na kuishia bure pembeni, na pindo la nyuma likashuka likatulia. Nikaziba uwazi kwa kipande na pini. Shingoni nikabana mkunjo mdogo kila upande mpaka nguo ikalala. Mbele, kitambaa kilichozidi nikakikunja kwa kukingama kifuani, vidole viwili. Fikiri basi: kama ningalikata sufu tena kwa vipimo vya gauni, vile vidole vinne vya mgongoni ningalivitoa wapi?

Yakabaki mambo ya mkono. Chuoni tulifundishwa kwamba katika nguo ya kujaribia mkono mmoja watosha, maana miwili hufanana. Nilikuwa nimeshona wa kushoto. Nikamwambia ainue kama anayechukua kitu darini. Akainua, na koti zima likapanda nao. Hapa nataka kukuonya, kwa kuwa hata mafundi hukosea. Koti likipanda hivyo, wengi hulichimba kwapa chini zaidi wakidhani linabana. Kumbe kwa mkono wa kupachika begani, tundu likishuka ndipo linapoinua nguo yote. Dawa yake ni kulipandisha karibu na kwapa.

Nikaandika hayo kwenye karatasi yangu, nikasema, "Na huu wa pili, mama."

Akasema, "Mkono huo hauna nguo, wautakia nini?"

Nilicheka, nikadhani anafanya mzaha. Nikamshika kifundo cha mkono wa kulia polepole ili nipate kutia pini ubavuni, nikauinua. Ukafika usawa wa kifua ukakwama. Sikuutia nguvu, lakini niliuona uso wake.

Akaketi, akaniambia. Ilikuwa mwezi wa Machi, mvua zikinyesha, miezi mitatu kabla ya mimi kumletea lile koti la kwanza. Aliteleza katika njia ya mtoni akiwa na ndoo, akaangukia bega. Alimkataza mjukuu asiseme. "Baba yako alipougua uliomba ruhusa kazini siku nyingi," akasema, "nikaogopa mara hii watakufukuza." Na lile koti? Alikuwa amejaribu kulivaa, si mara moja. Mkono mmoja ukiingia, wa pili hauwezi kurudi nyuma kulitafuta tundu. Siku moja alimwita mtoto amsaidie, akaona haya, mwanamke mtu mzima kuvishwa na kijana wa kiume. Basi akalikunja. "Koti ni zuri," akasema, "halina kosa."

Nilikuwa na pini mdomoni, na kwa hiyo sikuweza kusema neno, nami nilishukuru.

Paroko alinipa ruhusa bila kuniuliza hata swali moja. Wiki ile ile tulikwenda hospitali. Daktari alisema hakuna mfupa uliovunjika, bali bega limekaza kwa sababu baada ya kuumia halikuchezeshwa siku nyingi. Alimwonyesha mama mazoezi, mojawapo kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kidogo kidogo kama buibui, kila asubuhi na jioni. Alisema pia kwamba tungalikuja mapema ingekuwa rahisi zaidi. Sasa mkono umepanda mpaka usawa wa kidevu, na yeye mwenyewe ameweka alama ya mkaa ukutani.

Lakini Julai haimngojei mtu apone. Ile kanuni ya kupandisha tundu la mkono ilikuwa sawa kwa mwenye mabega mazima. Kwa mama ilikuwa kumfungia mlango. Nililala usiku mmoja nikifikiri, kisha nikakumbuka kanzu za watu wa pwani. Kanzu haina mkono wa kupachika kwa kubana. Mkono wake hukatwa mpana na kunyoka, na chini ya kwapa hutiwa kipande kidogo kiitwacho kikwapa. Kwa kipande hicho mtu hupata kuinua mkono bila kubeba vazi zima, na tundu la kuingilia ni pana. Ufundi huo uko hapa kwetu tangu zamani, nami nilikuwa nikihangaika na koti la mjini lililochorwa kitabuni.

Nikakata koti la pili kwa marekani iliyobaki, mikono imeungana na mwili, na kila kwapa lina kikwapa cha mraba, sentimita 12 kila upande. Mara hii nilishona mikono yote miwili! Nilipompelekea mama sikumvika. Nilimwambia tu atangulize mkono wenye maumivu, ndipo wa pili ufuate, kisha nikageukia ukuta nisimtazame. Nikasali Baba Yetu na Salamu Maria moja. Nilipogeuka, mama alikuwa ndani ya koti, anatafuta vifungo ambavyo havijakuwapo.

Baada ya hapo kukata sufu hakukunitia hofu. Niliifumua marekani, nikainyosha kwa pasi, nikanakili kila kipande juu ya magazeti ya zamani (Bwana Mhariri anisamehe, nakala zako kadhaa zimo humo), nikaipiga sufu pasi juu ya kitambaa chenye maji ili ipungue kabisa kabla ya mkasi. Jambo moja tu nitalitaja katika ushonaji: bitana iwe ya kuteleza, mikononi hasa, maana sweta la pamba juu ya sufu tupu hushikana na mkono mgonjwa hupata shida, tena iachiwe mkunjo mmoja katikati ya mgongo, isije ikapasuka mtu akiinama. Vifungo ni vitatu, vikubwa, wala hakuna kilicho juu ya kifua. Mfuko wa kulia niliuweka chini zaidi ya ilivyo kawaida, ili mkono uufikie na kutoa rozari.

Lile koti la kwanza, na kola yake pana, nilimpa shangazi, naye limemkaa barabara.

Alba za watumishi nimekwisha kuzishona, zote sita. Jirani aliyenicheka amekuja kuuliza marekani yauzwa duka gani, kwa sababu anataka kumshonea mumewe jaketi. Nimemwambia aanze kwa kuifua. Mama amelivaa koti la sufu kila Jumapili ya baridi hii. Vipande vya marekani navyo alinitaka nimrudishie, akaniagiza nivishone tena kwa mshono wa kukaza, akitia na vifungo vyake mwenyewe visivyofanana. Hilo ndilo koti lake la kwendea kwenye viazi. Juzi nilimkuta shambani amelivaa, mgongo wote umepigwa mistari yangu, naye ananilalamikia kwamba amekwisha kulifua mara nne na kalamu ya risasi haitoki.